Kabla ya masika: shajara ya magata ya nyumba ya Kiponda

Jumamosi, 13 Januari 2024

Jana Mapinduzi ya Zanzibar yametimiza miaka 60, na ukoo mzima ulikusanyika nyumba ya bibi hapa Kiponda, Mji Mkongwe. Watu walipokwisha kula wakapanda juu kupunga upepo. Hapo kila mmoja akaliona lile doa.

Linaanzia juu ya dirisha la chumba alichokuwa akilala bibi mpaka alipofariki, linashuka ukutani hadi karibu na sakafu. Rangi imevimba kama andazi. Ukiibonyeza inapasuka, na nyuma yake hutoka unga mweupe laini. Niliuonja kwa ncha ya ulimi: chumvi tupu.

Doa hili si geni. Tumelipaka rangi mara tatu ninazozikumbuka, kila mara baada ya masika, na kila mara likarudi kubwa zaidi. Mvua za vuli iliyopita, zile za El Niño, zimelimaliza. Jana ami akasema safari hii tununue rangi ya mafuta, nzito, tulizibe kabisa. Nikamwambia, "Ami, maji hayatoki ukutani. Yanatoka juu. Hebu nipe mwaka huu nianzie juu." Akaniangalia kidogo, akasema haya, mwanangu, lakini usianguke.

Kwa hiyo naanza kuandika. Nataka kazi iishe kabla ya masika kuingia, yaani kabla ya katikati ya Machi, na Ramadhani nayo inaingia wakati huo huo. Nina miezi miwili.

Tangu tarehe 25 Disemba 2020, siku ilipoporomoka sehemu ya Beit al Ajaib, lile jumba la kale pale Forodhani, na watu wawili wakafariki, nimeshindwa kulitazama doa la maji kwenye nyumba ya mawe nikaliona kuwa ni doa tu. Sisemi nyumba yetu imefika huko. Lakini kuta zetu na zao ni za mama mmoja: mawe ya matumbawe, chokaa, udongo. Ukuta wa namna hii unaweza kusimama miaka mia na zaidi ukiwa mkavu. Ukilowa mfululizo, chokaa inalainika, inarudi kuwa kama uji.

Jumapili, 21 Januari

Nimepanda paani na mdogo wangu wa kiume. Asubuhi mapema, kabla bati halijawaka.

Nieleze kwanza paa lilivyo. Nyumba ilijengwa na sakafu bapa juu, ya zege la chokaa lililolazwa juu ya boriti za mikoko, kama zilivyokuwa nyingi za Mji Mkongwe. Baadaye mababu wakaliinua paa la mabati juu ya ile sakafu, wakaacha ukuta mfupi ukingoni, hivyo mtu akiwa njiani haoni bati. Nyuma ya ukuta huo mfupi ndipo lilipo gata, mkondo wa kukusanya maji ya paa, limejificha. Na ndiyo sababu hakuna aliyelitazama kwa miaka. Gata la nje likivuja unaona maji yakidondoka kichochoroni. La ndani likivuja linanywesha ukuta kimya kimya.

Bibi alikuwa akisema "mlizamu". Mafundi wa leo wanasema gata. Sitaki kusema mfereji, kwa sababu kwetu mfereji ni ule unaofungua ukachota maji, na nimeshaona mtu kutoka bara na fundi wa hapa wakibishana nusu saa kwa neno hilo. Nitaandika gata kwa ule mkondo mrefu, na mlizamu kwa mdomo unaotoa maji nje.

Tulichokikuta: gata la bati, urefu mita 12, limejaa mpaka ukingoni. Majani ya mkungu wa uwanja wa jirani, makavu juu na meusi chini, yameoza yakawa udongo, na kwenye udongo huo mmeota mche wa mpapai wa urefu wa kiganja. Mahali gata lilipobonyea katikati maji yamesimama, ingawa mvua ya mwisho ilikuwa siku nyingi nyuma. Nilichota kopo moja. Ndani yake viluwiluwi wakipanda na kushuka, wakijikunja na kujikunjua, zaidi ya ishirini kwa kuhesabu haraka. Mbu wa dengi hupenda maji ya namna hii hasa, machache, yaliyotulia, karibu na watu, na kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua kama wiki moja au siku kumi kwenye joto letu. Watoto wa dada yangu hulala chini ya paa hili. Nilimwaga lile kopo kwenye bati la moto nikasimama nikitazama mpaka likakauka.

Karibu na mlizamu tumekuta tundu la kunguru, la zamani. Tulipolitoa lilikuwa zito. Lilikuwa na vijiti, lakini zaidi lilikuwa na nyaya: vipande vya waya wa kufungia nondo, waya wa uwa, na waya wa shaba wa umeme, mwekundu, uliochunwa plastiki. Chini ya tundu, bati lina matobo manne. Mawili makubwa yapo pale pale shaba ilipolala. Kwingine kwenye gata kuna kutu ya kawaida, ya juu juu, lakini hapa pameliwa mpaka pakawa kama chujio.

Mdogo wangu alifikiri ni bahati mbaya. Mimi sidhani. Bati letu limepakwa zinki ili chuma kisishikwe na kutu. Zinki ikikaa na shaba pamoja na maji, na hasa maji yenye chumvi ya upepo wa bahari, zinki ndiyo inayoliwa, tena kwa haraka, na ikiisha chuma kinafuata. Kunguru amebeba ugonjwa wa gata kwenye mdomo wake akauweka hapo.

Jumatano, 24 Januari

Usiku nimekaa na kalamu.

Upande huu wa paa unafunika mita 12 kwa mita 4.5, yaani mita za mraba 54. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo kila milimita inayonyesha inatuletea lita 54 ndani ya gata hili moja. Mvua kubwa ya masika, ile inayokufanya usimsikie mtu aliye mbele yako, ikija kwa kasi ya milimita 100 kwa saa, hata kwa dakika kumi tu, ni lita 900. Ndoo za lita 20, ni ndoo 45 kwa dakika kumi.

Sasa, bomba la kushushia maji lililopo ni la inchi 2. Fundi mmoja aliliweka zamani, sijui kwa nini, labda ndilo alilokuwa nalo siku hiyo. Bomba la zamani, ambalo shimo lake ukutani bado linaonekana, lilikuwa la inchi 4. Watu hudhani inchi 4 ni mara mbili ya inchi 2. Kwa eneo la mdomo ni mara nne. Mafundi wazuri hukadiria sentimita moja ya mraba ya bomba kwa kila mita moja ya mraba ya paa, na inchi 4 inatupa karibu 81, ya kutosha na kubaki. Inchi 2 inatupa kama 20. Kwa hiyo hata gata lingekuwa safi na zima, kwenye mvua kubwa lingefurika, na likifurika, ukuta mfupi wa nje unalizuia lisimwagike njiani. Maji yanabaki na njia moja: ndani.

Nimelisoma tena hesabu hili mara mbili. Tumekuwa tukiupaka rangi ukuta ambao tunaumwagilia wenyewe.

Jumamosi, 27 Januari

Fundi amekuja. Ni mzee wa hapa hapa mjini, amefanya kazi za chokaa tangu ujana. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akavua kofia, akapanda ngazi upesi kuliko mimi.

Hakutazama gata kwanza. Aliingia chumba cha bibi, akaupiga ukuta kwa kifundo cha kidole kuanzia kwenye mlango hadi dirishani, akisikiliza. Mahali pazima panalia kama jiwe. Palipolowa panalia kama kuku anayetembea juu ya majani, ndivyo alivyosema, na baada ya hapo na mimi nikasikia tofauti. Kisha akaomba bisibisi. Akapanda kiti, akaichoma kwenye kichwa cha boriti, pale inapoingia ukutani juu ya doa.

Iliingia. Bila kusukuma sana, iliingia mpaka nusu ya urefu wake. Alipoichomoa ncha ilikuwa na unga wa kahawia, wenye unyevu, na harufu ya uyoga. Boriti ya pili vivyo hivyo. Ya tatu bisibisi ilikwaruza tu, ikagoma. Alhamdulillahi.

Boriti mbili, basi. Zimeoza vichwa tu, ndani ya ukuta, ambako hakuna jicho linalofika. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, kama mita tatu, kwa sababu ndio urefu ambao mkoko unaweza kubeba mzigo, na kila boriti ina kazi yake. Fundi amesema tutalaza boriti mpya ubavuni mwa kila moja iliyooza, vichwa viingie kwenye ukuta mzima, na tutaacha upenyo mdogo kuzunguka kichwa ili mti upumue.

Nilimwuliza kuhusu lipu ya saruji iliyopigwa humo ndani zamani. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, saruji ni nzuri kwa nyumba ya saruji." Chokaa inanyonya maji na kuyaachia, ukuta unapumua. Saruji inayafungia ndani. Maji yakikosa njia ya kutoka yanapanda na chumvi ya mawe na ya mchanga wa pwani, na chumvi ikikauka nyuma ya lipu inaisukuma mpaka inabanduka. Ule ndio unga mweupe nilioulamba.

Ijumaa, 2 Februari

Mdogo wangu aliyeko Toronto amepiga simu baada ya sala ya Ijumaa, kwao ilikuwa asubuhi. Nilimsimulia habari za gata, akasisimka kuliko nilivyotarajia. Kumbe naye ana vita vyake.

Kwao gata linatakiwa lisafishwe mwishoni mwa vuli yao, majani yakishaanguka yote, kabla ya baridi kali. Ukichelewa, majani yanashika maji, maji yanaganda, na maji yakigeuka barafu yanaongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, yanapasua viungo na kung'oa misumari. Kisha kuna jambo ambalo sikulijua: theluji inakaa juu ya paa, joto la ndani ya nyumba linapanda na kuiyeyusha kwa chini, maji yanateremka mpaka ukingoni, na ukingoni hakuna joto, kwa hiyo yanaganda tena. Kila siku barafu inaongezeka, inakuwa kama ukuta, na maji yanayofuata yanarudi nyuma chini ya vigae hadi ndani ya nyumba. Ananionyesha kwenye simu: gata la jirani yake limejipinda, vidole vya barafu virefu kama mkono vinaning'inia. Dawa yao kubwa, anasema, si gata. Ni kuziba joto lisipande darini, paa libaki baridi lote sawasawa.

Tumecheka sana kwa furaha ya kukutana kwenye jambo hili, yeye amevaa makoti mawili, mimi najipepea. Lakini nilipokata simu niliandika jambo moja: kwao na kwetu gata linaharibiwa na maji yaliyosimama, na kazi hufanywa msimu ulio kabla. Kwao vuli. Kwetu ni sasa, kaskazi, bati likiwa kavu.

Jumamosi, 10 Februari

Siku ya bati. Nilikuwa nimebaki na mambo matatu ya kuchagua.

Plastiki ni nyepesi, haishiki kutu. Lakini jua letu linaikausha inakuwa kavu kama ganda la yai, na inarefuka na kufupika mno. Kwa gata la mita 12, likipata tofauti ya nyuzi 30 kati ya alfajiri na adhuhuri, ni zaidi ya sentimita mbili za kwenda na kurudi. Nje pana nafasi ya kuachia viungo vicheze. Nyuma ya ukuta mfupi, ambako viungo havionekani, sikutaka kubahatisha.

Alumini ni nzuri kwa hewa ya bahari, ila chokaa mbichi inaila, na letu linalala juu ya chokaa.

Nimerudi kwenye bati la zinki, la geji 26, zito kuliko lile la kuezekea tulilokuwa nalo. Mafundi bati wa mtaa wa Ng'ambo wamelikunja mbele ya macho yangu: vipande vya mita mbili, umbo la mstatili, upana sentimita 20, kina 15. Kila kiungo kinapandiana sentimita 10, kipande cha juu kikiingia ndani ya cha chini kwa kufuata maji yanakokwenda, kinapigwa ribiti, kisha kinalehemiwa. Nilisimama pale kwa muda wa saa mbili. Yupo kijana mmoja anayelehemu kwa mkono mwepesi ajabu. Risasi inayeyuka inakuwa kama tone la maziwa la fedha, linakimbia lenyewe kwenye ufa likajaa, naye anaondoa chuma cha moto wakati huo huo, si kabla wala baada.

Ndani tutapaka rangi ya lami mikono miwili. Nje, upande unaogusa chokaa, pia.

Jumanne, 20 Februari

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na kazi ya namna hii haifanywi kimya kimya, kwa hiyo tulishapeleka maombi ya ruhusa kwa mamlaka inayohusika mwezi uliopita. Leo tumepata jibu: tusibadilishe sura ya nje, bomba lirudi kwenye njia yake ya zamani. Ndivyo tulivyotaka.

Jambo gumu zaidi lilikuwa la jirani. Njia ya zamani ya bomba inapita kwenye kona inayogusa ukuta wake. Nilikwenda jioni na mama, tukakaa barazani, tukanywa kahawa, tukaulizana hali za watoto wote mmoja mmoja, na baada ya hapo mama akasema, "Dada, tuna ombi." Jirani alisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye ukuta wake nao unalowa kila masika na alikuwa akidhani ni maji yanayopanda kutoka chini. Kumbe ni yetu. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumeza. Alinishika mkono akasema lililopita limepita, wekeni bomba, na chini lielekezeni kwenye mtaro wa njia, lisipige mguu wa ukuta wa mtu yeyote. Tumeahidi kiko cha chini, yaani kona ya bomba, kitoke nusu mita mbali na ukuta, juu ya jiwe la kupokelea.

Jumamosi, 24 Februari

Boriti mpya zimeingia juma hili. Leo gata.

Kuta zetu hazina mstari ulionyooka hata mmoja, kwa hiyo pimamaji ya fundi bati ilikuwa haitusaidii: kila mita ilisema jambo lake. Fundi mzee akatoa mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha maji, akaujaza. Mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, na maji ndani ya mpira yanasimama kimo kimoja pande zote mbili, ukuta uwe umepinda usipinde. Tukapiga alama kwa penseli. Mteremko ni milimita 5 kwa kila mita. Kwa mita 12, mwisho wa gata uwe chini kwa sentimita 6 kuliko mwanzo. Ni kidogo, jicho halioni, lakini maji yanaona.

Jumapili, 25 Februari

Nilikosea, na kosa ni langu peke yangu. Jana jioni, fundi alipokwenda kusali, nilishika ncha ya mpira kumsaidia kijana kumalizia alama mbili za mwisho, na sikungoja maji yatulie. Vishikio viwili vikafungwa juu kwa sentimita moja na nusu. Leo tulipomimina maji kidogo yakatembea vizuri mita tisa, yakasimama. Yakawa bwawa. Kijana aling'oa vishikio vyote viwili bila kusema neno, tukapima upya. Vishikio viko kila sentimita 60, kwa sababu gata lililojaa maji la ukubwa huu lina uzito wa karibu kilo 30 kwa mita moja, na mara hii sitaki libonyee katikati kama lile la zamani.

Jumamosi, 2 Machi

Jaribio. Watoto wa dada yangu wamebeba ndoo kumi na mbili hadi juu, wakiimba. Tumezimwaga zote kwa mkupuo upande wa mwanzo. Maji yalikimbia, yakazunguka mara moja kwenye mdomo wa bomba, yakazama, na chini kichochoroni tukasikia yakitoka. Aliyekuwa chini alipiga kelele, "Yamefika!"

Kiungo cha tatu kilitoa tone. Moja, likakaa, halafu jingine. Kimelehemiwa upya leo leo.

Juu ya mdomo wa bomba tumeweka kofia ya waya, yenye umbo la kitunguu, ya waya wa zinki na si wa shaba. Kofia ya namna hii ni bora kuliko wavu bapa, kwa kuwa jani likilala juu ya wavu bapa linauziba wote, na likilala kwenye kitunguu maji yanapita ubavuni. Gata lenyewe sikulifunika kwa wavu. Wengi wanashauri, lakini majani ya mkungu ni mapana kama sahani, yangelala juu ya wavu na kunguru wangepata kitanda tayari. Afadhali liwe wazi na lisafishwe.

Jumapili, 10 Machi

Tumebandua lipu ya saruji chumbani kwa bibi, kutoka darini hadi sakafuni, upana wa mita mbili. Mawe yaliyo nyuma ni meusi kwa unyevu. Kwenye jiwe moja la tumbawe naona vizuri nyota ndogo ndogo za mdudu aliyelijenga baharini. Fundi amesema tusipige lipu mpya sasa, ukuta uachwe wazi, ukauke pole pole masika yote, na kipupwe kikiingia ndipo apige chokaa. Mama hapendi chumba kikae uchi wakati wa Ramadhani wageni wakija kufuturu. Nimetundika khanga ya bibi mbele yake, mbali na ukuta kwa kiganja.

Jumanne, 19 Machi

Mvua ya kwanza kubwa, wakati wa daku. Nilipanda na tochi. Gata limejaa hadi theluthi, linakwenda. Nimegusa mawe chumbani: baridi, hayatoki maji. Nimerudi nikanywa chai, adhana ikaingia.

Jumapili, 14 Aprili

Sikukuu imepita. Mvua karibu kila siku. Nimesafisha majani mara tatu tangu masika yaanze, kila mara robo ya ndoo. Kunguru wawili wamerudi na vijiti, nimeviondoa kabla hawajataga. Nimekuta waya mmoja wa shaba, urefu wa kidole. Nimeuweka mfukoni.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Tangu jana boti kati ya Unguja na Dar es Salaam zimesimama. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, kwa hiyo jana mchana nilipanda nikaondoa kila kilicholegea paani, nikakaza vishikio viwili vya bomba kichochoroni, nikatia kofia waya wa ziada.

Usiku upepo ulikuwa ukilipiga bati kwa mawimbi. Kimepungua nguvu kilipokaribia Mafia, Mungu ametuhurumia, lakini sisi tuliokuwa chini ya paa tulikuwa hatujui hivyo. Mama alikaa kitandani na tasbihi. Mimi nilikaa chumba cha bibi, kiganja kwenye mawe, nikisikiliza bomba. Lilikuwa likivuma kwa sauti nzito, isiyokatika, na nilijua kwamba sauti ikikatika maana yake limeziba. Kiasi cha saa nane usiku ilibadilika, ikawa kama mtu anayesukutua. Nikapanda ngazi za ndani mpaka kwenye mlango wa paa, nikafungua kidogo, nikamulika. Tawi la mkungu lenye majani yake limelala juu ya kofia. Maji yamefika nusu ya gata na yanapanda. Sikutoka, upepo haukuruhusu. Nilichukua mti mrefu wa kuangulia maembe, ule wenye ndoana, nikautoa kupitia mlangoni, nikalivuta tawi. Mara ya nne likaja. Sauti ya bomba ikarudi.

Asubuhi jirani alituma mtoto na sahani ya vitumbua. Ukuta wake mkavu.

Jumapili, 9 Juni

Kipupwe. Hewa nyepesi, upepo wa kusi unaingia dirishani kwa bibi moja kwa moja. Mawe yamegeuka rangi, kutoka meusi hadi kijivu, na kuanzia juu yamekuwa meupe kwa kiasi cha mita moja. Nimekuwa nikipiga mstari wa penseli kila Jumapili pale weusi unapoishia, na tarehe pembeni. Mistari saba sasa, kila mmoja chini ya mwenzake kwa vidole vitatu au vinne.

Fundi alikuja jana, akagonga, akasikiliza. Amesema mistari miwili mitatu zaidi, kisha ataleta chokaa aliyoizima tangu Machi, iko kwenye pipa chini ya maji, imekuwa laini kama siagi. Kipimo ni kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga wa shamba, si wa pwani.

Upande wa pili wa paa, unaotazama mtaa wa Malindi, gata lake sijaligusa. Nimepanda leo na ami, kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe tangu bibi afariki. Alichota majani kwa mikono yake, akakuta maji chini, akaniita nione viluwiluwi. Amesema bomba la huko pia ni la inchi 2. Vuli inaingia Oktoba. Jumamosi ijayo tunakwenda Ng'ambo kupima bati.